Hugh Tracey: Aliyepima toni za likembe kwa vyuma 54

GOMA – Leo kijana wa Goma mwenye simu ya kawaida anaweza kupakua programu ya kutoa toni, akaandika 440, na papo hapo simu ikatoa ile "la" ambayo wapiga gitaa huitumia kukaza nyuzi zao. Akisogeza kidole kidogo, toni inapanda hadi 441, kisha 442. Ndani ya simu, programu inakokotoa namba 44,100 hivi kila sekunde na kuzipeleka kwenye spika, nayo spika inatetemeka mara 440.

Miaka zaidi ya 70 iliyopita, Mwingereza Hugh Tracey alifanya kazi inayofanana na hiyo kwa seti ya vyuma vyenye umbo la uma. Vilikuwa 54. Cha kwanza kilitetemeka mara 212 kwa sekunde, kinachofuata 216, hivyo hivyo hadi 424, ambayo ni oktava moja kamili. Alikuwa akigonga chuma, anapiga ulimi mmoja wa likembe, kisha anasikiliza. Toni mbili zikikaribiana bila kulingana, sikio husikia mawimbi yanayopanda na kushuka, na kadiri zinavyosogeleana mawimbi hayo hupungua kasi. Kwa njia hiyo aliandika kila ulimi kwa namba.

Tracey alizaliwa mwaka 1903 huko Devon, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikwenda Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya sasa, kulima tumbaku na kaka yake. Shambani alijifunza Kikaranga na nyimbo za vibarua. Mwaka 1929 aliwachukua baadhi ya vijana hao hadi Johannesburg kurekodiwa. Baadaye alifanya kazi ya redio mjini Durban, na mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM.

Kongo aliifahamu vizuri. Huko Jadotville, leo Likasi, alikutana na Mwenda Jean Bosco na gitaa lake, akamrekodi. Mwaka 1952 alipita kandokando ya msitu wa Ituri, akawarekodi Wambuti, Wabira na pia Wanande, ambao wasomaji wa Beni na Butembo hawahitaji kuelezwa ni akina nani. Mashine zilikuwa nzito na zilihitaji jenereta, iliyowekwa mbali ili mngurumo wake usiingie kwenye wimbo. Kipaza sauti alikishika mwenyewe mkononi.

Alichokigundua kwa vyuma vile bado kina uzito: toni za likembe nyingi haziangukii kwenye noti za piano. Si kosa la fundi. Kila eneo lilikuwa na mpangilio wake, na fundi aliujua kwa sikio.

Lakini huyo huyo Tracey, katika miaka ya 1950, alianza kutengeneza na kuuza kalimba, ndugu wa likembe, akiipa mpangilio wa do-re-mi wa Ulaya. Ndiyo iliyoenea duniani. Programu nyingi za simu zinafuata njia hiyo: zinampa mtumiaji noti 12 za piano, na ulimi wa likembe ulio katikati ya noti mbili unaonyeshwa kwa rangi nyekundu, kana kwamba umekosewa. Fundi kijana anayeiamini simu kuliko sikio la babu yake ataupinda hadi rangi iwe kijani.

Lawama nyingine ni ya kikoloni. Watawala walimfungulia Tracey milango, na sahani za santuri zikaondoka na sauti za watu vijijini. Ni katika miaka ya 2010 tu ambapo ILAM ilishiriki kurudisha baadhi ya rekodi kwa Wakipsigis wa Kenya, ambako wazee walizisikia tena sauti za jamaa zao.

Tracey alifariki mwaka 1977. Maktaba yake sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini. Katika katalogi aliyoichapisha mwaka 1973, ala nyingi zimeandikiwa toni zake kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Namba hizo zinaingia moja kwa moja kwenye programu ya simu, mradi mtumiaji aache orodha ya noti na kuandika mitetemo yenyewe, moja baada ya nyingine.