Jim Corbett: Mwindaji wa simbamarara aliyezikwa Nyeri, na ubishi wa vifaa usioisha

Kaa na vijana wanaopanda milima kila wikendi, na hata chai haijapoa ubishi wa vifaa utakuwa umeshika moto. Buti gani halipitishi maji kule Aberdare? Hema gani ni jepesi? Kamera ya nani inanasa picha gizani? Wapenzi wa bunduki nao ni hivyo hivyo, kuanzia wale wa vilabu vya kulenga shabaha hadi wewe unayetazama video zao kwenye simu. Huyu anasifu mtutu mnene, yule anasema risasi ndogo inatosha mradi ulenge vizuri.

Ukiufuatilia ubishi huo wa bunduki kwa muda, lazima utakutana na jina la Jim Corbett. Huenda hujawahi kulisikia, lakini jamaa mwenyewe amezikwa hapa hapa kwetu, Nyeri, katika makaburi ya kanisa la St Peter's, alikozikwa pia Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Alifikaje huko? Na kwa nini watu bado wanabishania bunduki yake? Twende pole pole.

GOBORE LENYE UFA

Edward James Corbett alizaliwa Julai 25, 1875 katika mji wa Nainital, milimani kaskazini mwa India, wakati nchi hiyo ilikuwa koloni la Uingereza. Baba yake alikuwa mkuu wa posta. Jim alikuwa mtoto wa nane katika familia kubwa, na baba huyo alifariki 1881, kijana akiwa bado hajatimiza miaka sita. Mama ndiye aliyebaki na mzigo wote. Msimu wa baridi familia iliteremka hadi Kaladhungi, karibu na msitu, na huko ndiko Jim alikopata shule yake ya kweli.

Sasa angalia vifaa vyake. Alianza na manati, kama watoto wengi wa kwetu. Kisha akapata upinde. Halafu akapewa gobore kuukuu la mitutu miwili, ambalo mtutu wake mmoja ulikuwa umepasuka na kitako kimefungiliwa kwa waya wa shaba ili kisichomoke. Wewe ungeitupa silaha kama hiyo. Yeye aliingia nayo msituni.

Gobore hujazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, na kazi hiyo haitaki haraka. Ukikosa shabaha, mnyama hatakusubiri ujaze tena. Basi Jim akajifunza kutokosa, na zaidi ya hapo akajifunza kusoma msitu: nyayo kwenye mchanga, mlio wa tumbili akiona chui, ndege walionyamaza ghafla. Alijua hata kuiga sauti ya simbamarara, yule paka mkubwa mwenye milia, hadi mnyama mwenyewe akamwitikia. Akiwa bado mvulana, kadeti wa shule, aliazimwa bunduki aina ya Martini na kuua chui wake wa kwanza.

Usidhani alikuwa tajiri wa kuzurura msituni siku nzima. Aliacha masomo mapema akatafuta kibarua kwenye reli, na kwa zaidi ya miaka 20 alisimamia wapagazi waliohamisha shehena huko Mokameh Ghat, kando ya mto Ganges. Uwindaji uliompa jina aliufanya akiwa likizoni.

WATU 436

Mwaka wa 1907 aliombwa na serikali kumkabili simbamarara jike wa Champawat. Hesabu ya watu waliouawa na mnyama huyo ni 436: takriban 200 nchini Nepal, na waliosalia upande wa India alikotorokea. Hebu jaza mabasi saba makubwa ya kwenda Mombasa, kisha ufikirie wote hao wameliwa na mnyama mmoja. Vijiji vilijifungia. Watu waliogopa kwenda shambani, hata kutoka nje kwa haja.

Corbett alikubali kwa masharti mawili. Kwanza, zawadi ya fedha iliyokuwa imetangazwa ifutwe. Pili, wawindaji wengine wote waondolewe msituni. Hakutaka kuitwa mwindaji wa kulipwa, na hakutaka kupigwa risasi kwa bahati mbaya na mtu mwenye tamaa na kidole chepesi.

Siku ya mwisho, ofisa wa eneo hilo alikusanya wanakijiji karibu 300 juu ya bonde ili wamfurushe mnyama kwa kelele. Walibeba ngoma, mapanga, mashoka na bunduki, nyingine zisizo na leseni, na ofisa akafumba macho. Corbett alikuwa na bunduki yake nzito ya mitutu miwili na risasi tatu tu mfukoni. Alimfyatulia mnyama zote tatu. Simbamarara akajeruhiwa, lakini akabaki amesimama juu ya mwamba, akitazama.

Ungefanyaje hapo? Corbett alikimbia hadi kwa yule ofisa, akampokonya bunduki, akarudi mbio. Ni alipokaribia ndipo alipoona kwamba bunduki ya kuazima ilikuwa imechakaa, na kati ya mtutu na sehemu ya kufyatulia kulikuwa na mwanya. Ingeweza kumlipukia usoni. Akafyatua hivyo hivyo. Alilenga mdomo, risasi ikaenda kugonga mguu. Bahati yake ni kwamba mnyama alikuwa tayari anakufa kutokana na zile risasi za mwanzo.

Lakini jambo kubwa zaidi la siku hiyo alilikuta ndani ya mdomo wa mzoga. Meno mawili makubwa ya upande wa kulia, la juu na la chini, yalikuwa yamevunjika, na chanzo kilikuwa jeraha la zamani la risasi. Kuna mtu, miaka mingi kabla, aliyempiga mnyama huyo vibaya, akamwacha aende zake. Kwa meno yale, Corbett aliamini, simbamarara hakuweza tena kuwinda mawindo yake ya kawaida, ndipo akageukia binadamu. Risasi moja isiyolengwa vizuri, na mtu asiyefuatilia alichokifanya; vijiji vikalipa deni hilo kwa miaka.

BUNDUKI YA ZAWADI

Kwa kazi hiyo gavana wa jimbo, Sir John Hewett, alimzawadia Corbett bunduki ya kampuni ya Rigby ya London, aina ya .275, yenye kibati kilichoandikwa sababu ya zawadi. Hii ndiyo inayobishaniwa hadi leo. Risasi yake ina kipenyo cha milimita 7 tu. Wawindaji wengi wa enzi hiyo waliamini kwamba kumkabili simbamarara kunataka risasi nene na nzito, na Corbett mwenyewe alikuwa na bunduki nyingine ya Jeffery, ya mitutu miwili, yenye risasi ya zaidi ya milimita 10.

Sasa wabishi hujipanga pande mbili. Wa kwanza husema Corbett ni ushahidi kwamba risasi ndogo inatosha. Wa pili hujibu kwamba ilimtosha yeye kwa sababu alikuwa Corbett. Ukweli ni kwamba alichagua kulingana na kazi. Bunduki nzito ilikuwa na nguvu karibu, na mtutu wa pili ulikuwa tayari papo hapo. Ile ya Rigby ilikuwa nyepesi, rahisi kubeba siku nzima milimani, na haikurusha bega nyuma sana, kwa hivyo risasi ilikwenda alikoituma. Mtu anayetembea maili nyingi, mara nyingi peke yake na kwa viatu vya raba ili asisikike, uzito si jambo dogo.

Bunduki hiyo ilikuwa mkononi mwake pia kwa chui wa Rudraprayag, ambaye kati ya 1918 na 1926 aliua watu 125 kwenye njia ya mahujaji wa Kihindu. Serikali ilikuwa imejaribu kila kitu: mitego ya chuma, zawadi, leseni za ziada za bunduki, hata sumu. Chui alikula sumu akaendelea na maisha. Corbett alikesha usiku 10 juu ya mwembe mmoja bila mafanikio. Usiku wa 11 akasikia kengele ya mbuzi aliyefungwa chini. Akawasha tochi iliyofungwa kwenye bunduki, akamwona chui, akafyatua, na hapo hapo tochi ikazimika. Ikabidi akae gizani hadi asubuhi ili ajue kama amepata au amekosa. Alikuwa amepata.

KUTOKA RISASI HADI FILAMU

Tusimpake sukari. Corbett hakuua wala-watu pekee. Mwaka wa 1930 alimuua dume mkubwa maarufu wa Powalgarh, ambaye hakuwa amemla mtu yeyote. Lilikuwa windo la sifa tu. Aliandaa pia safari za uwindaji za wakubwa wa serikali ya kikoloni.

Hata hivyo kitu kilianza kubadilika. Ofisa mmoja wa misitu, F. W. Champion, alikuwa akipiga picha za simbamarara badala ya kuwapiga risasi, na Corbett akavutiwa. Akapata kamera ya filamu, akagundua kwamba kazi hii ni ngumu kuliko ile ya kwanza. Ukiwa na bunduki unahitaji sekunde moja. Ukiwa na kamera unahitaji mnyama akae karibu, kwenye mwanga, na asisikie mashine ikikoroma. Mwishowe alijenga kijificho kando ya kijito na kuziba maji kidogo ili yaporomoke kwa kelele na kuzima sauti ya kamera. Akawapata simbamarara kadhaa kwa umbali wa hatua chache, kwa miezi, bila mmoja wao kujua yupo.

Alizichukua filamu hizo akawa anawaonyesha wanafunzi mashuleni, akiwaeleza kwamba misitu ikiisha na simbamarara ataisha. Alisaidia juhudi zilizozaa mbuga ya kitaifa ya kwanza ya India, 1936. Baada ya kifo chake ikapewa jina lake, na 1973 mradi wa kitaifa wa kuwaokoa simbamarara ulizinduliwa humo. Mla-watu wake wa mwisho, kule Thak, alimuua 1938 akiwa na miaka 63.

NYERI

India ilipopata uhuru 1947, Corbett na dada yake Maggie, ambao wote hawakuoa wala kuolewa, walihamia Kenya. Walikaa Paxtu, nyumba ndogo ndani ya hoteli ya Outspan iliyojengewa Baden-Powell. Usiku wa Februari 5, 1952 Corbett, akiwa na miaka 76, alilinda ngazi ya Treetops huku juu Binti Mfalme Elizabeth akiwa amelala, baada ya kushinda akipiga filamu za wanyama. Usiku huo huo mfalme alifariki Sandringham, Uingereza, na binti akashuka mtini akiwa malkia.

Kumbuka pia Nyeri ya wakati huo ilikuwa ya nani. Mwafrika aliyewinda kwa upinde katika msitu wa babu zake aliitwa jangili, ilhali mgeni mwenye bunduki ya thamani na leseni aliitwa mwindaji. Miezi michache baadaye hali ya hatari ikatangazwa, na 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaiteketeza Treetops. Corbett alifariki Aprili 19, 1955. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini 1977, kwa hivyo leo Aberdare utaingia na kamera tu.

Bunduki yake ya .275 ilirudi mikononi mwa kampuni ya Rigby mwaka wa 2015, na ubishi juu yake haujaisha. Nawe endelea kubishana na wenzako kuhusu buti na lenzi, hakuna ubaya. Ila ukipata hela ya kifaa kipya, tenga pia wikendi kadhaa za kujifunza nyayo, milio na njia za upepo, maana hizo haziuzwi dukani. Na chochote utakachokishika, kiwe bunduki, droni au gari, kumbuka yale meno mawili yaliyovunjika. Aliyeyavunja hatujui jina lake, ila watu 436 walilipa.