Bruno Rossi na Hesabu Iliyokataa Kulingana

Ndugu msomaji, kila aliyewahi kuingia maabara anaijua siku ile ambayo kipimo kinakataa kulingana na hesabu. Wengi wetu hufuta namba tuliyoipata na kuandika ile anayoitarajia mwalimu. Safari hii tunasimulia maisha ya mtu aliyekutana na namba ya aina hiyo mwaka 1933 mjini Asmara, katika Pembe ya Afrika, akaiandika kama ilivyo.

Bruno Rossi alizaliwa Venice, Italia, tarehe 13 Aprili 1905, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mhandisi wa umeme. Alisoma Padua, kisha Bologna, ambako alipata udaktari mwaka 1927. Mwaka uliofuata akawa msaidizi katika taasisi ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Florence, kwenye kilima cha Arcetri, jirani na mahali Galileo alipomalizia umri wake.

Wakati huo wanasayansi walikuwa na fumbo. Tangu Victor Hess alipopanda na puto mwaka 1912, ilijulikana kwamba kuna miale inayoishukia dunia kutoka anga za mbali. Lakini miale hiyo ni kitu gani? Chombo cha kuichunguza kilikuwa kihesabio cha Geiger: mrija wenye gesi na waya katikati, unaotoa mshtuko mdogo wa umeme kila unapopitiwa na chembe yenye chaji. Shida yake ni kwamba hushtuka pia kwa mionzi ya kawaida ya mawe na kuta. Mwaka 1930 Rossi alitengeneza saketi ya vali iliyotoa ishara pale tu vihesabio viwili, vitatu au zaidi vilipoguswa kwa wakati mmoja. Chembe iliyovipitia vyote ikahesabiwa, kelele zikaachwa nje. Kwa saketi hiyo alionyesha kuwa nyingi ya chembe hizo hupenya hata mita nzima ya risasi, yaani ile metali nzito.

Akabaki na swali la chaji. Dunia ni sumaku, na sumaku hupinda njia ya chembe zenye chaji. Kama chembe zinazotoka angani zina chaji chanya, nyingi zaidi zitafika kutoka magharibi. Kama ni hasi, kutoka mashariki. Tofauti hiyo huonekana vizuri karibu na ikweta na mahali pa juu. Asmara, iliyokuwa chini ya ukoloni wa Italia, iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Rossi akasafiri huko na mwenzake Sergio De Benedetti. Wakavielekeza vihesabio magharibi, kisha mashariki. Magharibi ikashinda: chaji ni chanya. Ila walikuwa wamechelewa, kwani Wamarekani waliopima Mexico walikwisha kutangaza jibu hilo hilo mwaka huo huo.

Hapo ndipo ilipo ile namba. Ili kujua ni mara ngapi vihesabio hushtuka pamoja kwa bahati tu, walivitenganisha, visiweze kupitiwa na chembe moja. Walitarajia idadi ndogo. Wakapata kubwa kuliko hesabu ilivyoruhusu. Ingekuwa rahisi kulaumu vyombo. Rossi aliandika katika ripoti yake kwamba inaelekea mara kwa mara hushuka kundi kubwa la chembe, lililotanda eneo pana, na kwamba hakupata muda wa kulichunguza zaidi.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1938, Mfaransa Pierre Auger alilichunguza jambo hilo kwa kina, hata katika milima ya Alps, akitenganisha vihesabio hadi mita 300. Leo tunajua kinachotokea: chembe moja yenye nishati kubwa hugonga kiini cha atomu hewani, hutoka chembe nyingine, nazo hugonga na kuzaa nyingine, hadi mamilioni hufika ardhini kwa pamoja kama manyunyu. Manyunyu hayo yakapewa jina la Auger.

Mwaka huo huo wa 1938 sheria za ubaguzi za Mussolini zilimfukuza Rossi kazini kwa sababu ya Uyahudi wake. Akaondoka na mkewe Nora waliyekuwa wameoana miezi michache tu, wakapitia Copenhagen na Manchester hadi Marekani. Wakati wa vita alitengeneza vyombo vya vipimo Los Alamos, palipoundwa bomu la atomiki. Mwaka 1946 akawa profesa MIT.

Huko akairudia namba ya Asmara. Kundi lake lilitandaza vigunduzi ardhini katika kituo cha Agassiz, Massachusetts, na kupima tofauti ndogo mno ya muda kati ya kigunduzi na kigunduzi. Manyunyu hushuka kama sahani bapa. Upande unaoguswa kwanza huonyesha yalikotoka, na wingi wa chembe huonyesha nishati. Radi iliwahi kukichoma kigunduzi kimoja chenye kimiminika kinachowaka, wakageukia plastiki inayotoa mwanga. Kisha John Linsley na Livio Scarsi wakajenga Volcano Ranch, New Mexico, vigunduzi 19 katika kilomita za mraba 8. Mwaka 1962 walinasa manyunyu ya chembe moja yenye nishati ya jiwe la kilo moja lililodondoka kutoka kimo cha mtu. Yote hiyo ndani ya chembe ndogo kuliko atomu!

Rossi alifariki Cambridge, Massachusetts, tarehe 21 Novemba 1993. Leo huko Argentina matangi ya maji zaidi ya 1,600, katika eneo la kilomita za mraba 3,000, hupima manyunyu hayo kwa njia ile ile ya kulinganisha muda. Kituo hicho kina jina la Auger, na ni haki yake. Lakini dalili ya kwanza iliandikwa Asmara, na mtu aliyekwenda kupima kitu kingine.

Basi ndugu yangu, vipimo vikikataa kulingana, kagua vyombo vyako, rudia kazi, na kama namba imesimama palepale, iandike.