Burt Munro: Mzee aliyeivisha injini ya 1920 nguvu isiyo yake

Wazazi wa Herbert James Munro waliambiwa na madaktari kwamba mtoto wao hangeishi zaidi ya miaka miwili. Alizaliwa Machi 25, 1899 mjini Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand, na dada yake pacha aliaga dunia wakati wa kuzaliwa. Mtoto huyo aliyekatiwa tamaa ndiye ulimwengu ulikuja kumfahamu kwa jina la Burt Munro. Mnamo Agosti 1967, akiwa na umri wa miaka 68, alipanda pikipiki iliyoundwa 1920 na kuweka rekodi katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah nchini Marekani.

Baba yake alikuwa mkulima wa Edendale, na kijana alitarajiwa kushika jembe. Moyo wake haukuwa shambani. Mnamo 1920 alinunua pikipiki mpya aina ya Indian Scout iliyotengenezwa Marekani, akakaa nayo hadi uzeeni. Ilikuwa na silinda mbili zilizosimama kwa umbo la herufi V, zenye ujazo wa takriban sentimita 600, na kasi yake ya juu kabisa ilikuwa kama kilomita 88 kwa saa. Ilipotoka kiwandani hakuna aliyedhani ingeweza kwenda mara tatu ya hapo.

Ili msomaji aelewe kazi aliyojitwika Munro, ni sharti kwanza tuitazame injini yenyewe. Nguvu ya injini ya petroli hutokana na kugandamizwa kwa mchanganyiko wa hewa na mafuta ndani ya silinda kabla ya plagi kuuwasha. Kadiri mchanganyiko huo unavyobanwa, ndivyo unavyoisukuma pistoni kwa kishindo kikubwa unapowaka. Lakini mgandamizo huzaa joto, na joto likizidi, sehemu ya mwisho ya mchanganyiko huripuka yenyewe kabla ya mwali wa plagi kuifikia. Mafundi husema injini inagonga. Shinikizo hupanda ghafla, na pistoni ya alumini inaweza kutoboka kama karatasi iliyoguswa na kaa la moto.

Injini inayopozwa kwa maji ina afueni kidogo, kwani maji huchukua joto na kulipeleka kwenye rejeta. Scout haikuwa na maji. Ilitegemea upepo unaopita kwenye mapezi ya chuma yaliyoizunguka silinda, yale tunayoyaona hadi leo kwenye pikipiki nyingi. Isitoshe, katika injini ya umbo la V iliyopangwa hivyo, silinda ya nyuma hujificha kisogoni mwa ile ya mbele na hupata upepo uliokwisha kupashwa moto. Kwa hivyo kikomo cha injini ya namna hii hakikuamuliwa tu na nguvu za chuma, bali pia na kiasi cha joto ambacho chuma hicho kingeweza kukitoa.

Kizuizi kingine kilikuwa katika muundo. Vali za Scout zilikaa ubavuni mwa silinda, na chumba cha kuchomea mafuta kililazimika kutanuka pembeni ili kuzifikia. Chumba kipana cha aina hiyo hakikubali kubanwa sana. Munro, ambaye hakuwa na shahada wala karakana ya maana, aliunda upya sehemu ya juu ya injini na kuzipandisha vali juu ya silinda. Mgandamizo ukaongezeka, na kwa kuongezeka huko akawa amefungua mlango wa matatizo mengine, kwani konrodi, fani na pistoni zote zilikuwa zimetengenezewa injini pole.

Basi akaanza kuzitengeneza mwenyewe. Pistoni alizisubu kwa alumini iliyoyeyushwa, akitumia makopo ya bati kuwa kalibu. Silinda alizichonga kutokana na mabomba ya zamani ya gesi ya chuma cha kusubu. Konrodi alizitoa katika ekseli kuukuu ya trekta, akizikata na kuzisugua kwa mkono hadi zikapata umbo. Kipimo chake kimojawapo kilikuwa spoki ya gurudumu. Wenzake waliokuwa na fedha waliagiza vipuri kutoka ng'ambo; yeye alikuwa muuzaji na fundi wa pikipiki mchana, na kazi hii aliifanya usiku.

Alimwoa Florence Beryl Martyn mwaka wa 1927 na wakajaliwa watoto wanne, lakini ndoa hiyo haikudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Munro alikuwa akiishi na kulala katika gereji, kando ya mashine zake. Wapo watakaomsifu kwa uvumilivu. Mwandishi huyu anaona kwamba familia nayo ilitozwa gharama, na si haki kuipuuza kwa sababu tu mwisho wake ulikuwa na rekodi.

Vyuma vilivyoharibika hakuvitupa. Alivipanga kwenye rafu gerejini, pistoni zilizotoboka na konrodi zilizokatika, akavibatiza sadaka kwa mungu wa kasi. Mzaha huo ulificha elimu. Kipande kilichovunjika kilimwonyesha mahali ambapo shinikizo lilishinda chuma, naye akarudi kuongeza unene pale, au kubadilisha chuma, kisha akajaribu tena. Mnamo 1940 Scout ilifikia kilomita 194 kwa saa na kuweka rekodi ya barabarani nchini mwake. Mnamo 1957, katika ufuo wa Oreti karibu na Invercargill, ilipita kilomita 211.

Rekodi yake ya kwanza kule Bonneville aliiweka 1962. Uwanda huo uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na silinda hupokea hewa kidogo kuliko ufuoni. Shinikizo hupungua na nguvu vilevile. Tena pikipiki ilivishwa gamba lenye umbo la samaki ili ipasue upepo, na gamba hilohilo liliyazuia mapezi kuupata upepo waziwazi. Kilichookoa injini za namna hii ni ufupi wa safari, kwani mbio humalizika kabla joto halijapata muda wa kutosha kuiharibu. Injini ikiwa imepanuliwa hadi sentimita 850, Munro alikwenda kilomita 288 kwa saa.

Alirudi mara kadhaa. Safari moja, kwa maelezo yake mwenyewe, pikipiki ilianza kuyumba vibaya. Aliinuka ili upepo umpunguzie mwendo, ukamng'oa miwani, akaenda bila kuona hadi akailaza pikipiki kwa ubavu na kunusurika na michubuko. Mwaka wa 1967, kwa injini ya sentimita 950, aliandikiwa kilomita 295.45 kwa saa katika daraja la injini zisizozidi sentimita 1,000. Katika mbio za kufuzu, akielekea upande mmoja tu, alivuka kilomita 305.

Filamu iliyotolewa 2005, Anthony Hopkins akiigiza nafasi yake, iliziunganisha safari hizo kuwa moja. Inavutia, ila haiwezi kumwonyesha mtazamaji ile miaka mingi ya kusubu pistoni ambazo zilipasuka.

Moyo wake ulidhoofika, na Munro akafariki Januari 6, 1978 akiwa na umri wa miaka 78. Alikuwa amemuuzia mfanyabiashara wa mji wake mashine zake, na Scout ilikuja kuwekwa katika duka la vyuma na vifaa mjini Invercargill, mahali ambapo wateja huingia kununua misumari. Mnamo 2014, miaka 36 baada ya kifo chake, mwanawe John aligundua kwamba waandalizi wa Marekani walikosea hesabu ya mwaka wa 1967. Wakarekebisha: kasi halisi ilikuwa kilomita 296.26 kwa saa.