Tom Mboya

Thomas Joseph Odhiambo Mboya (15 Agosti 1930 – 5 Julai 1969) alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mwanasiasa wa Kenya. Alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini humo tangu mwaka 1953, mbunge, katibu mkuu wa kwanza wa chama cha KANU, na waziri katika serikali ya Jomo Kenyatta. Wengi humkumbuka kwa ndege zilizowapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani, na kwa kifo chake. Hata hivyo msingi wa maisha yake ya hadharani ulikuwa kazi: mfanyakazi alipwe nini, asikilizwe na nani, na ahesabiwe kuwa mtu wa namna gani mbele ya mwajiri wake.

Maisha ya awali

Mboya alizaliwa Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi wa Kizungu. Asili ya wazazi wake ilikuwa kisiwa cha Rusinga katika ziwa Viktoria. Baba yake, Leonard Ndiege, alianza shambani kama kibarua akapanda hadi kuwa nyapara. Hivyo mtoto alikua akiona kwa karibu mpangilio wa kazi wa wakati ule: mwenye shamba juu, nyapara katikati, na vibarua chini wasio na mtu wa kumpelekea malalamiko isipokuwa nyapara yuleyule.

Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki: Kabaa katika Ukambani, Yala katika Nyanza, na hatimaye Mang'u. Karo ikamshinda baba yake, na mwaka 1948 Mboya akaingia chuo cha mabwana afya mjini Nairobi, ambako mafunzo yalikuwa ya bure. Huko wanafunzi wenzake walimchagua kuwa kiongozi wao.

Bwana afya wa Nairobi

Mwaka 1951 aliajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Aligundua mara moja kwamba bwana afya Mwafrika alipata sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ileile. Lakini tukio lililosimuliwa zaidi kuhusu miaka hiyo halikuhusu mshahara. Siku moja alikuwa peke yake ofisini akipima maziwa, akaingia mwanamke wa Kizungu na chupa ya maziwa ya kupimwa. Mgeni akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu. Mboya akamuuliza kama macho yake yana kasoro. Kisa hicho alikiandika mwenyewe baadaye katika kitabu chake Freedom and After, kilichotoka mwaka 1963, na kinaeleza vizuri kuliko hotuba nyingi kile kilichomsukuma. Mtu anaweza kuvumilia kazi nzito. Kufanywa kama hayupo mahali pake pa kazi ni mzigo wa namna nyingine.

Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa na woga wa vyama vya wafanyakazi, na woga huo ulikuwa na sababu. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 ulifuatwa na ule wa Dar es Salaam mwaka huohuo na ule wa Unguja mwaka 1948, na bandari ndiyo iliyokuwa kiini. Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi wa Mombasa, alikamatwa na kupelekwa kizuizini Baringo. Makhan Singh alikamatwa Nairobi mwaka 1950 na hakuachiliwa hadi 1961. Badala ya vyama, serikali ilipendelea kamati za kazini na jumuiya za watumishi, ambamo wafanyakazi wangeweza kusema lakini mwajiri hakulazimika kujibu.

Mboya alichukua chombo hicho dhaifu na kukipa meno. Alijiunga na jumuiya ya watumishi Waafrika wa Halmashauri, akawa katibu wake, akaongeza idadi ya wanachama, kisha akaigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Halmashauri haikufurahi, na mwaka 1953 ajira yake ikafikia mwisho. Katika mwaka huohuo alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirikisho lililokuja kujulikana kama Kenya Federation of Labour (KFL). Alikuwa na umri wa miaka 23.

Makuli wa Mombasa

Tangu Oktoba 1952 Kenya ilikuwa katika hali ya hatari kutokana na vita vya Mau Mau. Chama cha siasa cha Waafrika, KAU, kilipigwa marufuku mwaka 1953, hivyo shirikisho la wafanyakazi likabaki karibu sauti pekee ya Waafrika iliyoruhusiwa kisheria. Mboya alilitumia kupinga kamatakamata na kuhamishwa kwa watu kwa nguvu, ingawa kila neno lingeweza kulifunga shirikisho lenyewe.

Mwezi Machi 1955 maelfu ya makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Wengi wao walikuwa wakiajiriwa kwa siku: anayeitwa asubuhi hula, asiyeitwa hurudi nyumbani mikono mitupu, na kesho ni vilevile. Aidha, mishahara ya Waafrika kwa muda mrefu ilikuwa imepimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke wala watoto, jambo ambalo tume ya serikali yenyewe ilikuwa imelikosoa mwaka 1954. Mboya alikwenda Mombasa, akawashawishi wagomaji warudi kazini, na akapeleka madai yao mbele ya baraza la usuluhishi. Makuli walipata nyongeza ya takriban theluthi moja. Ushindi huo ulimjengea jina pande mbili: wafanyakazi waliona kwamba mazungumzo yanaweza kuleta fedha, na waajiri wakaona kuwa yuko mtu wa kuzungumza naye.

Baada ya hapo alisoma kwa mwaka mmoja katika Ruskin College, Oxford, akijifunza uhusiano kati ya waajiri na waajiriwa. Mwaka 1956 alitembelea Marekani, ambako shirikisho la AFL-CIO lilichangia dola 35,000 kwa ajili ya kujenga makao makuu ya KFL Nairobi. Wapinzani wake walimwita kibaraka wa Wamarekani kwa sababu ya uhusiano huo, na shutuma hiyo haikumwacha.

Siasa na Mkataba wa 1962

Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kiti cha Nairobi. Mwaka 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda Marekani. KANU ilipoundwa mwaka 1960 akawa katibu mkuu wake. Januari 1962 alimwoa Pamela Odede.

Katika mwaka huo wa 1962 aliteuliwa kuwa Waziri wa Kazi katika serikali ya mseto. Nchi ilikuwa imejaa migomo. Mwezi Oktoba serikali, shirikisho la waajiri na KFL walitia saini Mkataba wa Mahusiano ya Kazi. Waajiri walikubali kuvitambua vyama na kutowabagua wanachama wake. Vyama navyo vikakubali kuzuia migomo ya ghafla. Na pande zote zikakubaliana kuwa malalamiko yashughulikiwe haraka na kwa mashauriano. Mkataba huo haukuwa sheria, bali ahadi, lakini uliendelea kuwa mwongozo wa mahusiano ya kazi Kenya kwa miaka mingi.

Hapa ndipo hukumu juu ya Mboya zinapogawanyika. Wapo waliosema kuwa aliyepanda ngazi kwa mgomo sasa aliwaondolea wengine ngazi hiyo. Lawama hiyo ina uzito, hasa kwa kuwa baada ya uhuru serikali ilizidi kuvibana vyama: mwaka 1965, baada ya ugomvi wa makundi hasimu ya wafanyakazi kuleta vifo Mombasa, KFL ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na COTU, chini ya jicho la serikali. Mboya mwenyewe aliamini kwamba nchi changa haiwezi kujengwa viwanda vikifungwa kila wiki. Wakati huo alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, na waraka wa serikali namba 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika ulitokana kwa kiasi kikubwa na kazi yake.

Kifo

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, Mboya alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa katika barabara ya Government Road, Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo, lakini swali la nani alimtuma halikujibiwa mahakamani. Ghasia zilizuka Nairobi na Kisumu. Alizikwa Rusinga, ambako kaburi lake hutembelewa hadi leo. Mtaa mmoja wa Nairobi una jina lake, na mwaka 2011 sanamu yake ilizinduliwa kando ya barabara ileile alikouawa, ambayo sasa inaitwa Moi Avenue.