Paul Laurence Dunbar: Mshairi wa Kwenye Lifti

Pengine utauliza, mshairi wa Kimarekani, tena asiyekuwa Muislamu, anatafuta nini katika kurasa za mwezi mtukufu? Ngoja kidogo. Vijana wengi siku hizi tunaandika, na anayeandika huenda akapata watu wanaompenda kwa jambo ambalo yeye mwenyewe halithamini sana. Dunbar yalimfika hayo, na hayakumtoka mpaka kaburini.

Alizaliwa tarehe 27 Juni 1872 mjini Dayton, jimbo la Ohio. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamezaliwa utumwani Kentucky. Baba yake, Joshua, alitoroka akafika Kanada, kisha akarudi kupigana katika vikosi vya watu weusi vya Massachusetts wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ndoa yao haikudumu, na Joshua akafariki mwaka 1885. Aliyebaki na kijana ni mama, Bi. Matilda, ambaye riziki yake ilikuwa kufua nguo za watu. Mama huyu alijifunza kusoma ukubwani ili amfundishe mwanawe, na visa vya enzi za utumwa alivyomsimulia ndivyo vilivyokuja kujaa katika mashairi.

Shuleni Paul alikuwa mweusi peke yake darasani, lakini ndiye aliyekuwa mhariri wa gazeti la shule na mwenyekiti wa chama cha fasihi. Mwanadarasa mwenzake alikuwa Orville Wright, ndio, yule yule wa ndege. Kabla ya kuota mbawa, akina Wright walikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na mwaka 1890 walimchapia Paul gazeti dogo la watu weusi wa Dayton. Halikumaliza hata miezi miwili, pesa zikakatika.

Alipomaliza shule 1891 alitafuta kazi ya ofisini, akanyimwa kwa rangi yake. Akaishia kuendesha lifti katika jengo moja la mjini, dola 4 kwa wiki. Abiria wakipungua, anaandika. Mwishoni mwa 1892 alichapisha kitabu chake cha kwanza, Oak and Ivy, kwa deni la dola 125, akawa anawauzia wale wale wanaopanda lifti, dola moja nakala, mpaka deni likaisha. Mwaka uliofuata akaenda kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, na huko mzee Frederick Douglass akampa kazi katika banda la Haiti.

Sasa hapa ndipo penye kisa chenyewe. Dunbar aliandika mashairi ya namna mbili: ya Kiingereza cha vitabuni, na ya lahaja ya watu weusi wa mashambani kusini. Tarehe 27 Juni 1896, siku aliyotimiza miaka 24, mhakiki mkubwa William Dean Howells alimsifu katika gazeti la Harper's Weekly, na kijana wa lifti akajulikana Marekani nzima. Lakini sifa zilimiminiwa yale ya lahaja, mengine yakapewa maneno machache tu. Tangu hapo wahariri wakawa wanataka lahaja, lahaja. Wasomaji wengi wa kizungu walifurahia kumwona mweusi anayecheka na kuimba shambani, kana kwamba utumwa ulikuwa karamu. Dunbar alilalamika kwamba sifa zile zilimdhuru. Mimi sioni ubaya wa lahaja, na aliiandika vizuri mno. Ubaya ni kuambiwa kwamba hiyo ndiyo akili yako yote.

Akajaribu riwaya, akaandika nne. Tatu za kwanza wahusika wake wakuu ni wazungu, nadhani akiwaonyesha kuwa kalamu yake haina mipaka. Ya nne, The Sport of the Gods ya 1902, ndiyo nzito: mtumishi mweusi anafungwa kwa wizi asioufanya, na familia yake inakimbilia New York ambako jiji linaimaliza.

Mwaka 1898 alimuoa Alice Ruth Moore, mwandishi kama yeye. Wakati huo alikuwa akifanya kazi katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, na Alice alieleza baadaye kuwa vyuma vya maktaba ile, vikiwa moto wakati wa joto, ndivyo vilivyompa wazo la shairi lake la ndege ndani ya tundu. Kifua kikuu kikamshika, na madaktari, amini usiamini, wakamwandikia pombe iwe dawa. Dawa ikageuka ulevi. Mwaka 1902 alimpiga Alice vibaya, naye akaondoka asirudi tena. Wanaompenda Dunbar wengine hulipita haraka jambo hili, lakini mwanamke yule alikuwa mtu, na aliumia.

Alirudi Dayton kwa mama yake, katika nyumba aliyomnunulia, na huko akafa tarehe 9 Februari 1906, akiwa na miaka 33. Mwaka 1969 Maya Angelou alichukua jina la kitabu chake mashuhuri kutoka katika shairi lile la ndege. Bi. Matilda aliishi mpaka 1934, na miaka yote hiyo chumba cha kuandikia cha mwanawe alikiacha vile vile kilivyokuwa.