Mama Kevina na Mzigo wa Wauguzi

Kazi ya kuuguza huchosha mwili, na tena huchosha moyo. Tazameni jinsi Mama Kevina alivyoubeba mzigo huo.

Alizaliwa Ireland mwaka 1875, akaitwa Teresa Kearney. Alibaki yatima angali mtoto. Baadaye aliingia utawa wa Mtakatifu Fransisko, na mwezi wa Januari 1903 alifika Nsambya, Uganda, pamoja na masista watano. Walianza kutibu watu chini ya mwembe. Wagonjwa wakamiminika, nao masista walikuwa sita tu.

Vita ya 1914 ilipoanza, wapagazi wa jeshi waliletwa Nsambya, wameumia na kudhoofika. Muuguzi asiye na mtu wa kumpokea zamu hukosa usingizi. Asiyelala hukasirika upesi, hata aweza kukosea dawa. Naye aonaye watu wakifa mikononi mwake hurudi nyumbani na huzuni yao. Bidii peke yake haiondoi uchovu huo. Yatakiwa mikono mingine.

Basi Mama Kevina hakuacha kazi ibaki kwa wageni wachache. Mwaka 1921, pamoja na daktari Evelyn Connolly, alianzisha Nsambya shule ya wauguzi na wakunga kwa wasichana wa nchi. Mwaka 1923 aliunda shirika la masista Waafrika, ndio Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Sheria ya Kanisa wakati ule iliwazuia watawa kuzalisha. Yeye alizidi kuomba ibadilishwe, na mwaka 1936 Roma iliruhusu. Alikufa Marekani mwaka 1957, akazikwa Nkokonjeru, Uganda, karibu na masista aliowalea.

Hayo yalitendeka Uganda, walakini yatuhusu sisi wa Kolwezi, ambako majeruhi wa machimbo na akina mama wenye uchungu hupiga hodi katika hospitali hizo hizo. Ukimwona muuguzi amekunja uso, usiseme upesi kwamba hana huruma; labda tangu jana hajapata wa kumpokea. Ngojeni zamu yenu kwa subira, saidieni kumlisha na kumgeuza mgonjwa wenu, na binti apendaye kazi hiyo msimnyime shule. Nawe muuguzi, kuomba msaidizi si uvivu. Mama Kevina aliomba wasaidizi, akawafundisha, na kazi yake haikufa pamoja naye.