ALIIMBA HABARI ZA KIFO, KISHA SIKU YAKE IKAFIKA

Ndugu msomaji, umepewa karatasi hii bure. Tafadhali usiifungie karanga kabla hujaisoma. Ni habari ya mtu ambaye huenda sauti yake uliisikia kwenye redio ya betri pale Kamachumu, au ndani ya basi la Biharamulo, au kwenye kilabu cha rubisi siku ya gulio. Jina lake Ramadhani Mtoro Ongala. Nchi nzima ilimwita Dokta Remmy.

Hatuandiki ili kumsema marehemu, maana marehemu hajibu. Tunaandika kwa sababu maisha yake yana jambo moja linalotuhusu sisi tulio hai.

ALIZALIWA CHINI YA MASHARTI

Remmy alizaliwa mwaka 1947 mjini Kindu, kando ya mto Lualaba, mashariki ya Kongo, wakati Wabelgiji bado wanatawala. Kabla yake mama yake alikuwa amezika watoto wawili. Mama aliyezika wawili hasubiri wa tatu kwa amani. Akaenda kwa mganga.

Kama Remmy mwenyewe alivyokuwa akisimulia, mganga alimpa mama masharti. Mimba nyingine ikija, asiende kuzaa hospitali, akazae porini. Na mtoto akizaliwa, nywele zake zisikatwe. Mtoto akaja, tena akaja na meno mawili ya mbele tayari kinywani! Watu wakasema huyu naye ni mganga. Ndiyo maana baadaye jina la Dokta halikumpa taabu. Alilipokea kama mtu anayepokea koti lake mwenyewe.

Mama yule tusimcheke, waitu. Ni wangapi hapa Muleba tumekwenda usiku kwa watu wa namna hiyo, tukarudi na hirizi ndani ya kanga, na asubuhi tukakaa kanisani kama hakuna kitu? Uchungu wa mama ulikuwa wa kweli. Lakini tazama: mtoto kabla hajatamka neno, tayari kuna neno la mtu mwingine limekaa juu ya kichwa chake.

YATIMA MWENYE GITAA

Baba yake alikuwa mwanamuziki, naye alifariki Remmy akiwa bado mtoto mdogo. Mama naye akafuata kabla mwanawe hajakomaa. Shule ikaishia njiani, na wadogo zake wakamtazama yeye. Yatima wa Kagera haitaji kuelezwa maana ya hayo.

Akashika muziki kama wengine wanavyoshika jembe. Alianza na ngoma, kisha gitaa. Akapiga na Bantu Success, akapiga na Grand Mickey Jazz, akazunguka Kongo, Uganda na Kenya, leo jukwaa hili, kesho lile. Mwaka 1978 mjomba wake, Makassy, akamwita Dar es Salaam katika bendi yake, Orchestra Makassy. Sisi wa huku mwaka huo tunaukumbuka kwa jambo jingine: ndipo majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuingia Kagera. Basi wakati watu wetu wanakimbia na magodoro kichwani, kijana huyu wa Kindu alikuwa anatafuta riziki pwani.

Miaka michache baadaye Makassy walihamia Nairobi. Remmy akabaki, akajiunga na bendi ya Matimila, ambayo chini yake ikajulikana kama Super Matimila.

SAUTI YA WANYONGE

Kwa nini watu walimpenda? Wapigaji wa gitaa walikuwa wengi, na wenye sauti tamu kuliko yake walikuwepo. Yeye alikuwa anaongea na watu. Katikati ya wimbo unadhani jirani yako amesimama mlangoni anakueleza shida zako. Aliimba habari ya mnyonge asiyepata haki yake. Aliimba habari ya mwanamke anayelilia mtoto. Wenye vyeo walisikiliza, na wauza mchicha walisikiliza.

Na tangu mwanzo aliimba kifo. Alipokuwa bado na Makassy alitunga Siku ya Kufa. Baadaye akaimba wimbo mwingine ulioitwa Kifo. Aliimba kwamba kifo hakichagui tajiri wala maskini, hakiombi ruhusa, hakina huruma. Watu wakacheza! Hebu fikiri. Mtu anakuambia utakufa, nawe unazungusha kiuno na chupa mkononi. Lakini ndivyo tulivyo. Jambo la kutisha likipigiwa gitaa tunalimeza kama uji.

AKAFIKA ULAYA

Rafiki mmoja alichukua kanda yake akaipeleka Uingereza. Mwaka 1988 Super Matimila wakaenda huko, wakapiga katika matamasha ya WOMAD. Mwaka 1989 akatoa albamu iliyoitwa Songs for the Poor Man, yaani nyimbo kwa ajili ya mtu maskini, kwa kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel. Mwaka 1992 ikafuata nyingine, Mambo. Mtoto wa porini akasimama mbele ya Wazungu, nao wakampigia makofi.

Nyumbani nako jina likakua hata kituo cha daladala kule Sinza kikaitwa Kwa Remmy. Lakini jina si mkate. Zama zile kanda za wanamuziki wetu zilirudufiwa madukani kama karatasi za mtihani, na mwenye wimbo asipate hata nauli. Makofi aliyapata mengi, utajiri hakuuona.

WIMBO WA SOKSI NA SISI WA MULEBA

Karibu mwaka 1990 alitoa Mambo kwa Soksi. Soksi hapo ni mpira wa kujikinga na UKIMWI. Radio Tanzania haikuupiga. Mitaani ukapigwa. Na sisi watu wa makanisa tuliziba masikio, tukasema ni matusi.

Leo tuseme kweli. Tuliziba masikio, lakini makaburi tulikuwa tunachimba wenyewe. Wagonjwa watatu wa kwanza kugunduliwa nchini waligunduliwa hapa mkoani Kagera mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, hapahapa Muleba. Mwaka 1987 wataalamu walipima watu Bukoba mjini, wakakuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana virusi. Mmoja kati ya wanne! Na sisi tuliita Juliana, jina la kitambaa cha wafanyabiashara wa magendo, ili tusitaje ugonjwa wenyewe. Wengine tulisema ni uchawi wa jirani, tukagombana mpakani mwa migomba huku bibi akibaki na wajukuu saba ndani ya nyumba moja.

Remmy hakuhubiri utakatifu katika wimbo ule, na hatusemi alihubiri. Lakini alitaja kifo kwa jina wakati wachungaji wengi walikuwa wanazika na kunyamaza. Hilo ni deni letu, na tunalikiri.

Na wewe unayeishi na virusi leo, sikia neno hili: dawa zipo, meza dawa zako. Ukiombewa, meza. Ukihisi nguvu, meza. Mungu anayesikia maombi hakukutuma utupe vidonge chooni.

KUIMBA KIFO SI KUJIANDAA NACHO

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mtu anaweza kujua sana habari za kifo na bado asiwe tayari kwa kifo chake. Mchimba kaburi anajua vipimo vyote, lakini kujua vipimo si kujiandaa. Sisi wa Kagera tulijifunza hivyo tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza. Walipanda Bukoba, wengine wakapanda Kemondo, wamebeba ndizi, wamebeba barua za ndugu. Kila mmoja wao alijua kwamba binadamu hufa. Nani alijua kwamba ni asubuhi ile?

Kule Marekani alikuwepo Sam Cooke, mtoto wa mhubiri. Alianza na nyimbo za injili katika kundi la Soul Stirrers, na makanisa yakajaa. Mwaka 1957 akaondoka akafuata nyimbo za mapenzi na dansi, zile za rhythm and blues, akawa tajiri, akawa nyota. Desemba 1964 akapigwa risasi katika nyumba ya wageni Los Angeles, akafa akiwa na miaka 33. Maelfu walikuja kumwaga. Mwenzake Al Green alipita njia ya kurudi: aliimba mapenzi mpaka dunia ikamjua, na mwaka 1976 akawa mchungaji kule Memphis. Barabara ni ileile, wengine wanakwenda, wengine wanarudi. Tofauti ni kwamba hakuna anayeambiwa ana muda gani wa kugeuka.

ALIPOKETISHWA CHINI

Remmy aliketishwa chini na maradhi. Kiharusi kilimpiga, na mwili uliokuwa ukitikisa ukumbi hadi alfajiri ukawa unasaidiwa kuinuka. Marafiki wa jukwaani hupungua wakati huo. Wewe uliyewahi kulala wodini unajua. Wiki ya kwanza kitanda kimezungukwa, wiki ya nne anabaki mama.

Katika miaka hiyo ya 2000 Remmy aliokoka. Akaacha muziki wa dansi, akaanza kuimba injili. Na akakata zile nywele.

Msomaji, usipite haraka hapo. Watu wengine hufuga nywele kwa kupenda, hilo ni lao. Lakini za Remmy zilikuwa na historia. Ziliwekwa juu yake kama sharti kabla hajazaliwa, kwa hofu ya mama aliyekwisha kuzika wawili. Miaka mingi zilikuwa ndiyo sura yake. Ulaya walimjua kwa hizo, na Dar es Salaam watoto walimkimbilia kwa sababu ya hizo. Mtu mzima aliyekwisha kuugua, asiye na mali nyingi, anakata kile kitu ambacho dunia inamjulia. Hiyo si kazi ya kinyozi tu. Ni kusema kwamba lile neno la zamani halinitawali tena, nina Bwana mwingine.

Wapo waliocheka. Wakasema eti amechoka, hana bendi, ndiyo maana amekimbilia kanisani. Na iwe hivyo! Mtu akizama ziwani akashika kamba, utamcheka kwamba ameishika kwa sababu alikuwa anazama? Ndiyo kazi ya kamba. Aliyeingia mapema tunamshukuru Mungu, aliyeingia jioni pia tunamshukuru Mungu.

Tarehe 13 Desemba 2010 Dokta Remmy alifariki Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 63. Siku aliyoiimba tangu ujana ikafika nyumbani kwake. Haikubisha hodi, kama alivyokuwa amesema. Lakini ilimkuta si yule yule.

NA WEWE JE?

Sasa tumalize habari ya Remmy, tuje kwako uliyeshika karatasi. Ni neno la nani limekaa juu ya kichwa chako? La mganga aliyekuambia usivuke mto fulani? La baba aliyekutamkia kwamba hutafaa kitu? La ugonjwa uliokuambia wewe ni marehemu anayetembea? Au ni chupa tu, inayokuita kila jua likielekea magharibi?

Usiseme nitaokoka nikizeeka. Remmy alipata miaka michache ya jioni, akaitumia. Sam Cooke hakuipata. Wale wa Kemondo walikata tiketi ya Mwanza.

Huna haja ya maneno makubwa. Hapo uliposimama uwanjani, au kesho ukiwa shambani chini ya mgomba, mwambie Yesu kwa lugha uliyonyonya kwa mama yako kwamba umechoka kutawaliwa, na unataka awe Bwana wako. Kisha toa hiyo hirizi, ilete mchana watu wakiona. Kama kuna jirani uliyemwita mchawi wakati mtoto wako aliugua, nenda kwake kabla ya Jumapili.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako karatasi hii. Bwana asifiwe.